Wiki Mbili Tu, Angetile

Jumatatu, 3 Machi 2025. Ngonga

Naandika kwenye daftari la mafunzo kwa vitendo lililobaki mwaka jana. Kila ukurasa una nafasi ya "Kazi zilizofanyika leo", na chini yake "Sahihi ya msimamizi". Kazi zipo tele. Msimamizi ndiye sijamwona.

Baba yangu, mzee Anyelwisye, alipatwa na kiharusi tarehe 19 Februari akiwa anapogolea kakao zake. Mkono na mguu wa kulia haifanyi kazi tena. Mama alishatutoka, huu mwaka wa sita. Tuko watoto watatu. Kaka Nelson, mkubwa wetu, ana kazi ya ofisini na nyumba Mbeya mjini. Kaka Dickson amejenga hapa hapa uani, hatua arobaini kutoka mlango wa baba, anaishi na mkewe Felista. Mimi kitinda mimba, nasoma uhandisi wa ujenzi mwaka wa tatu, huko huko Mbeya. Muhula umeanza leo bila mimi.

Nelson alinipigia simu: "Wiki mbili tu, Angetile, huku tukipanga mambo." Mimi na yeye tunakaa mji mmoja. Kutoka pale hadi hapa njia ni ile ile. Aliyepanda gari ni mmoja.

Na Felista? Felista haingii kwa baba. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani hukatiza mashambani, na jina lake halitamki. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo. Dickson ameikaza, hasa tangu baba aanze kuhitaji kuoshwa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Baba amebakiwa na neno moja. Daktari alinieleza kwamba kiharusi hufanya hivyo, hufuta maneno yote na kusahau kufuta moja. Lililosahauliwa ni "Nelson". Akitaka maji, Nelson. Akibanwa mkojo, Nelson. Uji ukiwa wa moto, Nelson! Nikimaliza kumwosha na kumpaka mafuta, ananitazama kwa macho mapole kabisa na kuniambia: Nelson.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada walikuja wageni kumi na mmoja. Wameimba, wameomba, wamekula wali na usipa, dagaa wa ziwani, niliopika mimi. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu, Mungu atakulipa," waliniambia mmoja mmoja wakitoka. Hakuna aliyesuuza hata kikombe. Mzee mmoja wa kanisa akasema Nelson alimpigia simu kuulizia hali ya baba. "Ana upendo yule kijana," akasema. Nilikuwa nimeshika beseni la matapishi.

Jumatatu, 17 Machi

Wiki mbili zimekwisha. Nelson ametuma sauti kwenye kundi letu la familia: "Bado kidogo, naongea na watu."

Alhamisi, 27 Machi

Sasa nina ratiba. Baba lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Kati ya kumgeuza na kumgeuza kuna dawa ya presha, uji mzito asipaliwe, kufua, kumnyoosha mkono, kupika. Kinachobaki ndicho chuo changu, dakika ishirini, pengine arobaini. Nancy, tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja, ananitumia picha za madaftari yake kwenye simu. Leo nimesoma jinsi udongo uliolowa unavyopoteza nguvu ya kubeba mzigo. Nilisoma aya moja mara sita. Mara ya saba nilielewa, na papo hapo nikasikia: "Nelson!"

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimefua, nikaanua, nikaanika, nikaanua.

Jumanne, 8 Aprili

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Juzi nilikwenda Mbeya kufanya jaribio la jana. Siku mbili tu, kwenda na kurudi. Nilimwachia Dickson karatasi yenye saa zote: ya kugeuza, ya dawa, ya kula. Nilimwonya, "Kaka, shuka likilowa badilisha hapo hapo." Akaniambia, "Unaniona mtoto?"

Nimerudi leo saa tisa alasiri. Harufu ilinipokea mlangoni. Baba alikuwa kwenye shuka lile lile nililomtandikia Jumapili. Alilala chali, kama nilivyomwacha. Nilipomgeuza, ngozi juu ya makalio ilikuwa imechubuka, pana kama kiganja, nyekundu. Hakulia. Alisema lile neno lake polepole sana, macho akiyaelekeza ukutani.

Karatasi yangu ilikuwa pale pale juu ya stuli. Sahani ya wali juu yake.

Dickson alikuja jioni, akasimama mlangoni. "Nilikuja," akasema. "Nilimwuliza kama yuko sawa."

"Akajibu nini?"

"Si unajua anachojibu."

Nilimwuliza kwa nini hakumgeuza. Akasema mwanaume kumvua nguo baba yake si jambo dogo. Nikamwuliza kama kwa binti ni jambo dogo. Akasema, "Ninyi mmezoea." Nimezoea tangu lini? Mwezi wa pili nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu hata magoti.

Kuhusu Felista naandika hivi: ni mvivu na mila ni blanketi lake. Siku mbili mtu anaoza hatua arobaini kutoka jikoni kwake, naye anachagua mchele.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimesafisha kidonda kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, kama muuguzi wa zahanati alivyonionyesha. Hakijachimba. Leo nimeona kitu. Chini ya dirisha la baba, kwa nje, pana kigoda na alama za miguu kwenye tope, nyingi, za mtu aliyekaa kwa muda mrefu. Na kwenye kizingiti cha dirisha, kikombe cha plastiki cha Felista chenye mrija.

Nilimwuliza. Alijibu huku akitwanga, bila kuinua uso. "Alikuwa anaita, wifi. Siku nzima anaita. Nikawa nampitishia maji dirishani, naangalia pembeni. Dickson alishaniapia kwamba nikivuka mlango ule nirudi kwetu."

Nilichukua mchi nikatwanga.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nelson ametuma picha. Yeye, mkewe Maria, watoto, suti mpya, keki. Chini ameandika: "Tunamkumbuka sana mzee wetu."

Jumanne, 29 Aprili

Maji yameingia ndani. Nimekaa barazani kwa Dickson, nguo zimenishika mwilini, naandika ili nisipige mtu.

Tangu Jumamosi mvua haijakata. Leo saa kumi na mbili asubuhi nilisikia sufuria zikigongana jikoni, nikadhani ni kuku. Niliposhusha mguu kitandani, maji yalinifika kwenye kifundo. Nilipomaliza kuinua mchele na dawa juu ya kabati, yalikuwa yamefika nusu ya muundi. Kitanda cha baba tulikifupisha miguu ili iwe rahisi kumnyanyua, na sasa maji yalikuwa yanalamba godoro. Baba alikuwa macho. Neno lake lilitoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Dickson alikuwa Njisi tangu Jumapili kununua kakao, barabara imekatika. Baba ana kilo themanini. Nikatoka nikipiga kelele kumwita Felista.

Alikuja mbio, khanga kichwani, akafika kizingitini akasimama. Akatazama maji.

"Wifi, shika miguu!"

"Siwezi."

"Dickson yuko Njisi! Nani atakuona?"

"Si Dickson tu. Baba mwenyewe ananiona." Na kweli baba alikuwa amegeuza uso ukutani, amefumba macho kwa nguvu, mkono mzima umefunika uso. Yeye pia anamkimbia mkwewe. Anazama, na bado anakimbia.

Felista akaondoka mbio. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kinyakyusa, maneno ambayo mama angenilamba kofi. Nikajaribu kumvuta baba peke yangu chini ya makwapa, nikaanguka naye nusu, kiwiliwili chake mapajani mwangu, majini.

Mara mlango wa banda la kakao ukaingia chumbani. Mlango wenyewe, wa mbao, ameung'oa kwenye bawaba, umefungwa kamba ncha moja. Felista alikuwa nje, ametupa mgongo. "Mviringishe juu yake!" akaniambia. "Ukimaliza sema."

Nilimviringisha. Nikasema. Akaiweka kamba begani, akainama kama ng'ombe wa jembe, akavuta bila kugeuka nyuma hata mara moja. Mlango haukuelea, lakini uliteleza juu ya maji na tope, mimi nikisukuma upande wa kichwa, hatua zote arobaini hadi kwenye nyumba yake iliyo juu kidogo. Kamba imemchubua bega, nimeona damu kwenye khanga.

Baba mkwe akilala ndani kwake, yeye hawezi kulala humo. Kwa hiyo amehamishia mkeka jikoni, kwenye moshi, hadi maji yapungue. Hakuna aliyemwomba. Hakuna atakayemshukuru.

Kule nyuma nilimwita mvivu. Sifuti, ili nijione.

Ijumaa, 2 Mei

Maji yamepungua. Tope ndani hadi kwenye sanduku la nguo za mama. Dickson amerudi na kitu cha kwanza alichouliza ni mlango wa banda.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda Kyela mjini kununua pampasi za watu wazima dukani kwa Samira. Huzifunga kwenye gazeti kabla ya kuziweka mfukoni ili watu wasione. Leo nilimwambia asifunge. "Acha waone," nikasema. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniwekea mfuko unaoonyesha. Nimepita nao soko zima. Watu watatu wameniuliza habari za Nelson.

Jumanne, 20 Mei

Jaribio la pili, nimelifanya. Safari hii niliondoka saa kumi alfajiri nikarudi jioni ile ile. Felista alikaa dirishani siku nzima, na Dickson nilimwambia kwamba nikikuta shuka limelowa nitaliweka juu ya meza yake ya chakula. Shuka lilikuwa kavu.

Kumbe anaweza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 28 Mei

Nimekuta kidole gumba cha baba kina wino wa bluu. Dickson anasema zilikuwa fomu za ushirika wa kakao.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua zimekwisha. Mpunga unavunwa kila upande, migongo ya watu inapanda na kushuka. Baba leo amekaa kitini nje nusu saa, ameshika suke kwa mkono wa kushoto, akalipukuta punje zote mdomoni kama mtoto.

Jumatatu, 16 Juni

Nancy amepiga simu saa nne asubuhi.

"Ange, mbona jina lako halipo?"

"Wapi?"

"Kwenye orodha ya mtihani. Wameandika 'ameahirisha mwaka'. Umeahirisha bila kuniambia?"

Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji. Nilimaliza kwanza kumlisha baba, kijiko kwa kijiko, kwa sababu ukikatisha anapaliwa. Ndipo nikatoka nje nikapiga simu idarani. Katibu alinisomea kwa sauti tulivu, kama anayesoma tangazo:

"Mimi Angetile Anyelwisye, kwa hiari yangu mwenyewe, naomba kuahirisha mwaka huu wa masomo ili nimuuguze baba yangu mpendwa." Sahihi ipo. Imeambatishwa barua ya mzazi, dole gumba lipo. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji upo.

"Mwisho wa kupinga ni lini?" nikauliza.

"Kupinga? Si umeomba mwenyewe?"

"Mwisho ni lini?"

"Ijumaa."

Dickson alikuwa anageuza kakao kwenye mikeka. Nilimkuta kwa nyuma.

"Kaka, ile fomu ya ushirika ilikuwa ya nini?"

Aliendelea kugeuza. "Nelson ndiye aliyeandika. Mimi nilipeleka kidole tu."

"Kidole cha nani?"

"Cha baba."

"Baba alijua kilichoandikwa?"

"Nilimsomea yote, mwanzo hadi mwisho. Akasema Nelson. Nikajua amekubali."

Namshukuru Mungu sikuwa na kitu mkononi.

Jioni Nelson alituma sauti ya dakika nne. "Mdogo wangu, usikasirike. Tulikaa, tukaona. Kumweka mgeni amshike mzee ni aibu. Wewe ni binti, moyo wa kuuguza mnazaliwa nao. Chuo hakikimbii. Mwakani utarudi umepumzika."

Nimeisikiliza mara mbili. Tulikaa! Kikao gani hicho kinachomhusu anayeuguza, naye yuko jikoni anachemsha shuka? Na huo moyo wa kuzaliwa nao, mbona haukuja na maelekezo? Wiki ya kwanza nilimwangusha baba mara mbili. Kumgeuza nilijifunza kwa picha za simu. Mgongo wangu una miaka ishirini na tatu na asubuhi unanyooka kwa awamu. Umepumzika, anasema.

Nimemjibu kwa maandishi: "Mtihani unaanza tarehe 7 Julai. Njoo ukae na baba wiki nne."

Amejibu: "Kazini hawataelewa."

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti. Nimemwuliza alipigaje muhuri kwenye barua yangu bila mimi. "Alikuja kaka yako, binti," akasema. "Nikajua mmeshaelewana." Nilimwambia aniandikie nyingine inayosema sikuelewana na mtu. Alisita, akatafuta miwani, akataka tumsubiri Dickson. Nilikaa kwenye benchi lake kuanzia saa tatu. Saa saba akaandika.

Alhamisi, 19 Juni. Mbeya

Naandika nikiwa chumbani kwa Nancy. Nitaandika taratibu.

Jana nilimkodi Hezroni, mwenye Noah inayopeleka abiria Mbeya. Nilimwomba ang'oe kiti cha katikati. Hakuuliza sana. Leo asubuhi nilimwosha baba, nikamnyoa, nikamvalisha koti la kanisani. Nikamwambia, "Baba, nakupeleka kwa mwanao mkubwa. Unakubali?"

"Nelson," akasema.

Sijui alikubali au aliomba maji. Nilimpa maji kwanza. Kisha nikamwambia akitaka kukataa aniachie mkono. Hakuuachia.

Hezroni alikamata mabega. Mimi kiuno. Miguu ilikuwa haina mtu, inaburuta. Nilikuwa nafikiri tumweke chini tupange upya, ndipo miguu ikanyanyuka. Felista alikuwa ameingia. Amevuka mlango, amevuka chumba, ameshika miguu ya baba mkwe wake kwa mikono miwili, uso wazi, machozi yanamtiririka.

Baba alifunika uso kwa mkono. Felista akamsalimia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mzee wa heshima, "Ugonile, baba. Nisamehe. Niliambiwa nikuheshimu. Sikuambiwa nikuache uoze."

Tulipofika kwenye gari Dickson akatokea na pikipiki. Aliiacha ianguke.

"Felista! Umemshika baba mkwe?"

Felista hakuishusha miguu hadi ilipokaa vizuri kwenye godoro. Ndipo akageuka. "Wewe ulimshika kidole," akasema.

Dickson akaachana naye. Alinigeukia mimi. "Na wewe unamwibia nani baba?"

"Simwibii. Nampeleka kwa mwanawe. Au naye si mwanawe?"

Safari ilikuwa ndefu. Tukuyu ukungu na baridi, nilimfunika mablanketi mawili na la Hezroni la tatu. Nilimgeuza mara moja, kando ya barabara, watu wakituchungulia. Aliona milima kwa kioo cha nyuma, akasema neno lake kwa kila kilima.

Saa tisa tulifika kwa Nelson. Geti jeusi, maua ya kumwagiliwa. Alitoka mwenyewe, alikuwa amewahi kurudi, shati jeupe. Akaona Noah, akaniona, akaona kilichomo ndani.

"Angetile. Ungenipigia."

"Nimekupigia miezi minne."

Baba akainua kichwa. Akamwona. Akasema kwa nguvu, "Nelson! Nelson!"

Na Nelson akavunjika. Akapiga magoti kwenye mlango wa gari, akamkumbatia, akalia kwa sauti: "Baba, nipo, nipo baba yangu, umeniita nami nimesikia." Maria alikuwa ametoka, naye akaanza kulia. Hezroni akavua kofia.

"Nelson!" baba akasema, kwa ukali sasa.

"Ndiyo, baba, ni mimi!"

"Kaka," nikasema, "anataka kukojoa. Kopo liko kwenye mfuko wa kijani. Fanya haraka, koti hilo ndilo la pekee."

Alinitazama kama nimemtukana. Hakufanya haraka.

Nilimwachia karatasi ya saa zote, dawa, mafuta, na pampasi za siku tatu. Nikamwambia, "Kazini watakuelewa. Chuoni nimejieleza mara ngapi?" Akauliza nitakuja lini kumchukua. Nikasema mtihani wa mwisho ni tarehe 18 Julai. Maria ndiye aliyenifuata hadi getini. Nilitegemea maneno makali. Akaniuliza, "Wifi, analalia upande gani?"

Ijumaa, 20 Juni

Mkuu wa idara aliiweka barua ya bandia kando ya fomu yangu ya usajili. Sahihi zinafanana kama mbuzi na meza. Akauliza ni nani aliyeandika. Kaka yangu, nikasema. "Unataka kumshtaki?"

"Nataka kufanya mtihani."

Akaandika kwa kalamu nyekundu. Jaribio moja nililokosa siku za mafuriko nitalifanya Jumatatu, kwa sababu barua za hospitali nilizituma mapema. Jina langu limerudi kwenye orodha. Usiku wa kuamkia leo nililala chumbani kwa Nancy kwa muda wa saa kumi na moja. Niliamka mara tano kumgeuza mtu ambaye hayupo.

Jumatatu, 7 Julai

Mtihani wa kwanza. Udongo uliolowa. Nimeandika kurasa tisa.

Jumamosi, 12 Julai

Nelson amepiga simu wakati wa chai. Sauti imekauka. "Amekataa uji. Anasema Nelson, namjibu nipo, bado anasema."

"Anasemaje? Anapandisha mwishoni au anashusha?"

"Kuna tofauti?"

"Akishusha ni kiu. Akipandisha kuna kitu kimemkaa vibaya mgongoni, mkunjo wa shuka."

Akaweka simu chini. Nikasikia kitanda kikilia, Maria akisema shika hapa, kisha baba akaguna kwa kuridhika. Nelson akarudi kwenye simu. "Ulijuaje?"

Nilikata. Nilikuwa nimekasirika upya. Nimekasirika kwa sababu najua, na kwa sababu wao wangeweza kujua pia wakati wowote. Haikuhitaji moyo wa binti. Ilihitaji wiki tatu na pua.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemaliza. Nimeketi nje ya ukumbi, nimekula mahindi mawili ya kuchoma, sikumtunza mtu.

Jumapili, 20 Julai. Ngonga

Nelson amemrudisha baba leo. Likizo yake imekwisha. Nelson amekonda, ana kucha fupi na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu ninayoijua. Alimshusha baba mwenyewe, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, bila kuelekezwa. Ngozi ya baba ni nzima.

Tulikaa barazani, safari hii nikiwemo. Felista alikaa pia, upande wa pili wa nguzo, khanga kichwani, baba akiwa kitini. Hakuna aliyemkimbia mwenzake.

Nelson alianza. "Sikujua kazi yenyewe iko hivi," akasema.

"Hukuuliza."

"Nimekosa, Angetile. Ile barua nimekosa."

Nilisema nimesikia. Sikusema nimesamehe, kwa sababu bado. Akaendelea kwamba atakuwa anakuja kila Ijumaa jioni hadi Jumapili, na Maria atapokezana naye. Nilianza kumwona tena kaka yangu, yule aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda darasa la kwanza. Ndipo akasema, "Na kwa kuwa chuo sasa kimefungwa, siku za katikati basi..."

Wote wakanigeukia. Hata Dickson, ambaye alikuwa hajainua uso tangu tulipokaa.

"Kesho naanza mafunzo kwa vitendo," nikasema. "Mitaro ya barabara ya Matema. Wiki nane."

"Matema hapo?" Dickson akadakia. "Si utakuwa unarudi jioni?"

"Nitakaa kambini. Jumamosi nitakuja kumsalimia baba kama mnavyokujaga ninyi, na nitakula nilichopikiwa."

Felista akasema kutoka kwenye nguzo yake, "Mchana nitamlisha mimi. Kumwosha na kumgeuza ni kwa mwanawe." Alisema kama anayetaja siku ya soko. Dickson alitazama mikono yake, akanitazama mimi, akamtazama Nelson aliyekuwa ameinamia viatu.

Saa kumi ilikuwa saa ya kugeuza. Nilimwita Dickson ndani. Nikamwambia aweke goti moja kitandani, mkono begani, mkono kiunoni, avute akielekea kwake na asisukume. Akaweka goti. Baba alitoa mguno. Dickson akaacha, akataka kutoka, nikasimama mlangoni. Akarudia. Baba akageuka, akakaa vizuri ubavuni.

"Nionyeshe tena," Dickson akasema.

"Nimekuonyesha mara moja," nikamwambia. "Mimi sikupata hata hiyo moja."

Nikaenda kufunga begi.